Plagi Nane Kwenye Trei ya Mayai

Jumatatu saa mbili asubuhi, Nadine Kuhn, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alibandua utepe wa polisi kwenye mlango wa gereji ya Alvin Weigel. Alipogeuka akamkuta mwenye gereji amesimama nyuma yake na vikombe viwili vya kahawa.

"Hilo gari lenu la manjano-manjano limenizibia njia," Alvin alisema.

"Ni jeupe, mzee."

"Basi lioshe, binti Kuhn. Baba yako hakukulea hivyo."

Nadine aliliangalia gari la kaunti. Vumbi lilikuwapo kweli, barabara za mashambani huku Kansas hazina huruma na gari la mtu. Akapokea kikombe, wakaingia ndani.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Juzi, Jumamosi alasiri, Darla Weigel, binti wa mzee huyu, alitoka mstarini vizuri kuliko siku zote kwenye uwanja wa mbio za magari za robo maili. Kabla hajafika mwisho injini ilipasuka, oili ikamwagikia tairi la nyuma, gari likaenda kulala ukutani. Darla alitolewa hai, mguu umevunjika mara mbili na viganja vimeungua. Injini ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikutwa zimeyeyuka zikatoboka. Ugonjwa huo kila mtu hapa anaujua: injini ilipata hewa nyingi na petroli kidogo. Injini ya namna hiyo huongeza nguvu, ikaongeza tena, halafu ikajila yenyewe.

Na jua halijazama, Alvin alikuwa amekwisha kumtaja mtu. Alimtaja mwanawe wa kumzaa, Wendell. Watu watatu walimwona Wendell saa sita mchana ameinama chini ya boneti ya gari la dada yake, na Alvin akamfukuza na spana mkononi. Sasa Wendell alikuwa mahabusu, na mwendesha mashtaka alitaka faili mezani leo saa sita kamili. Kuharibu gari kwa makusudi na kumjeruhi mtu: hiyo ni jela, tena miaka. Hata jela ikiisha, baba na mwana hawangekaa tena meza moja.

"Anzia Jumamosi asubuhi," Nadine alisema na kufungua daftari lake.

"Tulipiga mbio moja ya majaribio. Sekunde kumi, nukta themanini na moja. Darla hajawahi kuipata tangu azaliwe. Nikatoa plagi, nikazisoma rangi, nikaridhika, nikafunga nyingine mpya. Kilichotokea baadaye kilitendwa na mkono wa mtu."

"Wa Wendell."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mligombana lini?"

"Aprili. Aliniletea dude la kufunga kwenye ekzosi, lina waya na kioo, eti linakuambia hewa kiasi gani na petroli kiasi gani. Mimi nimesoma plagi miaka arobaini na sita, binti. Nikamwambia jino la pembe si dawa ya pengo. Akasema, 'Baba, kalijaribu tu.' Nikamwonyesha mlango."

Hapo Alvin hakuwa akijisifu bure. Kaunti tatu nzima zilimletea plagi zao, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, kwenye trei za mayai, kila plagi kwenye shimo lake kwa mpangilio wa silinda, na watu wazima walisimama kando na kofia mikononi wakingoja aseme. Kauri ya ncha ikiwa nyeusi, injini inakunywa petroli kupita kiasi. Ikiwa kahawia, mambo sawa. Ikiwa nyeupe, izime upesi. Hata baba yake Nadine, marehemu Leo Kuhn, alipata kusimama hapo na trei yake.

"Nionyeshe kumbukumbu zako."

Daftari la Alvin lilikuwa na harufu ya petroli kila ukurasa. Nadine alifuata namba za jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu ambavyo petroli hupitia kuelekea kwenye injini. Namba ikiwa kubwa, tundu ni kubwa na petroli ni nyingi. Mei, sabini na nane. Juni, sabini na sita. Julai, sabini na nne. Agosti, sabini na mbili. Kando ya kila namba Alvin aliandika maneno yale yale: *nzito, punguza*, yaani petroli imezidi. Na kila alipopunguza, muda wa Darla ulishuka.

"Umepunguza petroli kila mwezi."

"Injini ilikuwa ikiomba. Plagi zinatoka nyeusi-nyeusi, napunguza, gari linakimbia zaidi. Wewe ungefanyaje?"

"Jumamosi uliacha jeti namba ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Fundi wa kaunti amezikuta ni sabini na mbili. Pampu nzima. Bomba la petroli safi. Tangi safi. Hakuna kilichoguswa."

"Basi amegusa mahali ambapo fundi wenu hajui kutazama."

"Plagi za asubuhi, kabla Wendell hajafika, zipo?"

Alvin alivuta ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akafungua kabati, akatoa trei ya mayai yenye kifuniko. Juu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: *Jumamosi asubuhi. Kahawia. Safi.* Nadine akaipeleka dirishani, akafunua.

Plagi nane zilikuwa nyeupe kama chaki.

Alizigeuza moja moja. Kila moja ilikuwa na doa la rangi nyekundu ambalo Alvin huweka ili zisichanganyike na za mtu mwingine.

"Ufunguo wa kabati anao nani mwingine?"

"Ni huu tu. Naoga nao."

"Alama hizi ni zako?"

"Zangu. Kwani vipi?"

Mtu amezibadilisha, ndivyo Nadine alivyokwisha kuandika kwenye daftari lake. Akanyoosha mkono na plagi moja. "Nisomee hii, mzee, nijifunze."

Alvin alichukua kioo cha kukuzia, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa dirisha. Aligeuza plagi taratibu, na uso wake ukalainika.

"Kahawa yenye maziwa mengi. Marehemu mama Darla alikuwa anainywa hivi hivi. Hakuna rangi nzuri kuliko hii duniani."

Nadine akaitazama plagi, akamtazama mzee. Kisha akainamisha macho, kwa kuwa hakujua ayapeleke wapi, yakafika kwenye miguu ya Alvin. Soksi moja ilikuwa nyeusi. Ya pili ilikuwa ya bluu.

Alilifuta lile neno aliloandika.

"Naichukua trei hii," alisema. "Nitairudisha kabla ya saa sita."

"Mwanangu amekubali kosa?"

"Bado."

"Hakuwa mtoto mbaya," Alvin alisema. "Mwambie nilisema hivyo. Aa, hapana, usimwambie."

*

Wendell Weigel, fundi wa matrekta, alikuwa na miaka arobaini na moja na mabega ya kubebea magunia. Kwenye chumba cha mahojiano alikuwa amekaa kama amebebeshwa yote kwa pamoja. Mbele yake palikuwa na mkate uliojazwa kabichi na nyama, haujaguswa.

"Kula," Nadine alisema.

"Sina njaa, Nadine."

"Ukiwa humu, mimi ni afande."

"Sina njaa, afande."

Nadine aliweka mezani mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mlikuwa na jeti nne, bado zimo kwenye karatasi ya dukani.

"Hizi zilikuwa kwenye mfuko wa shati lako. Wenzangu wakashangilia, wakadhani ndizo ulizochomoa kwenye kabureta. Lakini karatasi haijachanwa. Hazijawahi kuonja petroli."

Wendell akausogeza mfuko ule mbali naye.

"Namba sabini na sita. Mtu anayetaka kuunguza injini huleta tundu dogo. Wewe umeleta kubwa. Ulitaka kumwongezea dada yako petroli."

"Andika ni mimi nimeharibu. Nitatia sahihi."

"Jumamosi asubuhi kulikuwa na joto. Saa tano upepo wa kaskazini ukaingia, nilivaa koti. Upepo wa baridi unafanya nini kwa injini?"

"Unajua unafanya nini. Umekulia hapa."

"Niambie wewe."

"Hewa ya baridi ni nzito," Wendell alisema polepole. "Inaingia nyingi zaidi, petroli ni ile ile. Kama mchanganyiko ulikuwa umeshakauka asubuhi, petroli kidogo, mchana unakuwa moto mtupu. Nilikimbia na zile jeti. Nikalegeza skrubu moja tu, mzee akatokea na spana. Nikaikaza, nikaondoka."

"Na hukupiga kelele."

"Mbele ya watu wote wale?"

Nadine alifunua trei. Wendell alizitazama zile plagi mara moja, akageuza shingo.

"Ulijua kwamba haoni rangi," Nadine alisema. "Tangu lini?"

Wendell aliuangalia ule mkate. Mpelelezi mwingine angepiga meza. Nadine alikata ule mkate vipande viwili, akasukuma kimoja upande wa pili, chake akakiuma. Wendell naye akala. Kipande cha Wendell kilipoisha, maneno yakatoka.

"Tangu Machi. Alinisifu kwa kupaka ukuta wangu rangi ya krimu. Ukuta wangu mweupe. Ndiyo maana nilimletea kile kipimo. Nilidhani nikifunga kipimo, sitahitaji kumwambia."

"Injini ngapi zimeungua msimu huu baada ya yeye kusoma plagi zake?"

"Mbili. Ya Gus Brungardt ndiyo ya kwanza, ya Darla ndiyo ya pili. Baada ya ile ya Gus niliwazungukia jamaa wote, mmoja mmoja. Nikawaambia: pelekeni plagi kwa mzee, sikilizeni, shukuruni, mkifika nyumbani ongezeni namba mbili. Wote walikubali, hakuna aliyecheka. Gus alilia, yule jitu zima."

"Kwa hiyo kaunti tatu zilikuwa zinamdanganya mtu mmoja."

"Zilikuwa zinampenda."

"Na Darla?"

Wendell alifunika uso kwa viganja. "Darla ndiye hakuweza kuongeza kwa siri, kwa sababu mzee mwenyewe ndiye anayefunga kabureta lake. Nilimwambia asiendeshe. Akasema, 'Mwache amalize msimu akiamini jicho lake. Imebaki mbio moja.'"

Nadine aliweka kalamu chini. "Mmempenda mpaka mmevunja mguu wa mtu, Wendell."

"Najua."

"Sasa unataka niandike uongo juu yake."

"Nisikilize. Mimi nitafungwa, nitatoka. Yeye akijua kwamba mkono wake ndio uliomlaza Darla pale hospitali, hatatoka. Tangu mama afe, kilichomwamsha asubuhi ni yale macho na zile trei. Acha anichukie mimi. Nimeshazoea tangu Aprili."

"Hujazoea," Nadine alisema. "Umekonda."

Alisimama, akachukua zile jeti. Mlangoni akageuka.

"Huo ni mtoto wa jicho, unageuza nyeupe kuwa manjano na kahawia kuwa nyeusi. Mama yangu alitolewa wake asubuhi, jioni akawa anaangalia televisheni na kulalamika kwamba nyumba yangu chafu. Kuna jambo linalotibika hapa, nanyi mmelifanyia matanga miezi sita."

*

Saa nne na nusu alirudi gereji. Njiani alipitia mahali pawili. Dukani alinunua plagi moja mpya. Kwa fundi wa kaunti aliomba plagi kutoka kwenye injini nzima, inayokula sawasawa, na fundi akamchomolea moja ya kahawia safi. Ndani ya gari alizungushia kanda ya karatasi kwenye chuma cha hizo mbili na cha moja ya trei ya Alvin, ikabaki kauri ya ncha tu. Akaandika A, B na C.

Alvin alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari la kwanza alilowahi kutengeneza, kiti kilichobaki peke yake baada ya gari kuisha.

"Mzee, kuna kazi moja. Plagi tatu, injini tatu. Sikwambii ni za nani."

"Unanipima, binti Kuhn?"

"Ndiyo."

Alvin alimtazama kitambo. Nadine hakukwepa. Mzee akachukua kioo chake, wakaenda dirishani, na jua la asubuhi lilikuwa limejaa pale.

"A," Alvin alisema. "Kahawa na maziwa. Safi. Mwambie mwenyewe asiguse kitu."

"B?"

"Hiyo hiyo. Hawa wawili wana fundi mmoja?"

"C?"

Hapo alikunja uso. "Huyu anamwaga petroli. Nyeusi-nyeusi. Apunguze namba mbili, ikibidi nne."

Nadine alibandua kanda ya C kwanza, mikono yake ikifanya kazi polepole kuliko ilivyohitajika. "Hii imetoka kwenye injini ya fundi wa kaunti. Amepima kwa mashine. Mchanganyiko wake hauna kasoro."

"Mashine," Alvin alisema.

Alibandua ya B. Doa jekundu likaonekana. "Hii ni yako, ya Jumamosi asubuhi."

"Si nilisema ni safi?"

Alibandua ya A. Chuma kilimetameta, hakina hata mkwaruzo wa spana. Alimwekea mzee kiganjani, akamfungia vidole juu yake ili aipapase. Mikono ya Alvin haikuhitaji macho. Ilipita juu ya nyuzi za chuma, kwenye kona kali ambazo hazijawahi kukazwa popote.

"Hii ni mpya," Alvin alisema.

"Nimeinunua saa moja iliyopita. Haijawahi kuona moto. Kauri yake ni nyeupe, mzee, nyeupe kama ilivyotoka kiwandani."

Alvin aliitazama plagi mpya, akaitazama ile ya Jumamosi. Aliziweka bega kwa bega, akazisogeza kwenye jua, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Nadine alisimama karibu naye kiasi kwamba bega lake liligusa la mzee, na hakusogea.

"Kwa hiyo zilikuwa zinatoka kahawia," Alvin alisema mwishowe. "Mei zilikuwa sawa. Mimi nikaziona nyeusi, nikapunguza."

"Ndiyo."

"Na Wendell?"

"Alikuwa amekuja na sabini na sita. Alitaka kuzifunga kabla Darla hajatoka. Hukumpa nafasi."

"Kwa nini hakusema, yule mjinga?"

"Mpaka sasa hivi anataka kutia sahihi kwamba aliharibu yeye. Afadhali jela kuliko wewe ujue."

Alvin alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Gus?"

"Gus alikuwa wa kwanza."

"Darla?"

Nadine alichutama mbele yake, wakawa sawa kwa macho. "Darla pia."

"Alikaa kwenye kile kiti anajua."

"Alikaa kwa sababu ni wewe uliyemfungia mkanda. Nilikuwa naye jana. Hajasema neno moja baya juu yako. Amesema utamlaumu yeye kwa kuharibu injini."

Mzee alilia basi, waziwazi, na kitambaa cha gereji mkononi, akajipaka grisi usoni bila kujua. Nadine alitoa kitambaa kingine safi kwenye ndoo, akamfuta paji la uso na mashavu kama anavyofutwa mtoto, na Alvin akamwacha afute.

"Huyo Wendell amekula?" aliuliza.

"Nusu ya mkate. Nusu nyingine nimekula mimi."

"Nipeleke."

Alvin alitoa ufunguo wa lori lake mfukoni kwa mazoea. Lori hilo, miaka kumi na tisa, halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine. Jana tu wauguzi walimwona akiliingiza hospitali peke yake na kugonga kizuizi cha maegesho. Aliutazama ufunguo, akaurudisha mfukoni. Akatoka akasimama mbele ya gari la kaunti.

"Ni jeupe kweli?"

"Jeupe, mzee. Ingawa ni chafu."

*

Saa sita kasoro dakika kumi, faili lilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne: jeti zilizokutwa ni zile zilizofungwa na fundi mwenyewe, plagi za asubuhi zinaonyesha mchanganyiko ulikuwa umekauka kabla mtuhumiwa hajafika uwanjani, mlalamikaji amefuta maelezo yake, hakuna kosa la jinai. Sahihi, N. Kuhn.

Mlango wa chumba cha mahojiano ulikuwa wazi. Nadine alibaki kizingitini, kwa kuwa sheria inataka awepo. Alvin aliingia na trei ya mayai ameishika kwa mikono miwili. Wendell alisimama haraka, akajigonga meza.

"Baba."

"Kaa chini."

Alvin alifunua trei, akaisukuma katikati ya meza. Hakuigusa plagi hata moja.

"Nisomee," alisema.

Wendell alimwangalia Nadine. Nadine akaitikia kwa kichwa: soma.

"Silinda ya kwanza?"

"Baba, si lazima."

"Nimekuuliza ya kwanza."

Wendell aliinamia trei. "Nyeupe."

"Ya pili?"

"Nyeupe, Baba."

Wakaenda hivyo, ya tatu, ya nne, moja baada ya moja. Alvin aliitikia kwa kichwa kila moja, na kwenye ya sita akashika mkono wa mwanawe na kuubana. Alipofika ya nane Wendell alinong'ona, lakini aliisema.

"Ungeweka namba ngapi?"

"Sabini na sita. Na upepo ule, labda sabini na nane."

"Sabini na nane," Alvin alisema. "Hata mimi ningeweka hiyo, kama ningeziona." Alitoa lile daftari la harufu ya petroli, akalifungua ukurasa wa Jumamosi, akaweka kalamu juu yake. "Iandike hapo. Uandike ni wewe uliyesoma."

Wendell akaandika. Namba ikatoka kubwa kupita mistari.

Alvin alitia mkono mfukoni, akauweka ufunguo wa lori juu ya daftari.

"Dada yako anangoja. Huyu binti atatufikisha nyumbani kwa hilo gari lake jeupe, tulichukue lori." Alifuta pua. "Kwenye usukani utakaa wewe."